Tanuri Lililokosa Pua

Ilikuwa siku ya tisa tangu mwokaji wa mtaa afunge mlango wake, na Bwana Afya alikuwa ameketi mezani, mikono magotini, akiukodolea macho mkate wa dukani kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia sebuleni na viatu vyenye matope. Mkate huo ulikuja umefungwa katika mfuko wa nailoni uliotoka jasho kwa ndani. Ulikuwa umekwisha kukatwa vipande vilivyolingana kama vigae, na weupe wake haukuwa weupe wa kitu chochote kilichowahi kuota shambani. Aliubonyeza kwa kidole. Ukabonyea na kubaki hivyo hivyo, alama ya kidole imekaa juu yake kama muhuri. Akakiinua kipande kimoja hadi puani, na papo hapo akajuta. Mwenye duka alikuwa na mazoea ya kuipanga mikate rafu moja na sabuni za kufulia, na chini ya rafu hiyo akaweka pipa la mafuta ya taa. Basi kipande kile kilibeba harufu tatu zinazogombana, na hata moja kati yake haikuwa ya ngano.

"Hiki ni kifutio cha ubao," alisema, akakirudisha sahanini kwa ncha za vidole viwili, kisha akaenda kunawa.

Miaka thelathini na mmoja alikuwa mkaguzi wa afya, kazi yake kufunua vyungu vya watu na kuchungulia nyuma ya makabati yao. Sasa alikuwa na miaka sita tangu astaafu, lakini cheo kilimganda kama ngozi, na mtaa mzima, wakubwa kwa wadogo, haukumjua kwa jina jingine. Kilichomganda zaidi ya cheo ni pua. Pua ya Bwana Afya iliweza kusimama mlangoni ikakuambia kwamba nyama ya leo ni ya juzi, na kwamba darini mwa nyumba panya amejifungua. Kwa sababu hiyo alikuwa hapendwi sana katika hafla. Wenyeji wenye busara walimkalisha mbali na jiko, upande ule upepo unakotokea, wakamwombea Mola amjalie walau mafua mepesi kwa siku hiyo moja.

Lau ingekuwa ni tumbo lake peke yake, angevumilia. Alikwisha kufunga saumu nyingi maishani mwake, za faradhi na za sunna, na hakuwa mtu wa kutolewa machozi na kifungua kinywa. Lililomkosesha usingizi ni dada yake.

Dada huyo, aliyemzidi kwa miaka saba, alikuwa mkunga mstaafu. Alilala hospitalini wiki tatu kwa homa ya mapafu, akarudi nyumbani amekonda hata pete zinamtoka vidoleni. Homa ilikwisha kumwacha, lakini ilipoondoka iliondoka na hamu yake ya kula. Wali aliuona kama pumba. Mchuzi aliuonja kijiko kimoja kwa ajili ya kumridhisha aliyeupika, akafunga mdomo. Kitu kimoja tu kilipita kooni bila ugomvi, nacho ni mkate wa yule mwokaji, uliotoka tanurini siku ile ile, ukachovywa katika maziwa ya moto. Siku aliyorudi alikula vipande viwili, na wote nyumbani wakashusha pumzi. Kesho yake mlango wa mwokaji ukafungwa.

Daktari alikuja Jumatatu, akampima, akatikisa kichwa. Alisema angerudi Alhamisi asubuhi, na kama hadi hapo mgonjwa hajala chakula cha maana kwa mdomo wake mwenyewe, basi hapana budi arudi wodini alishwe kwa mpira wa puani. Mkunga alimsikiliza kwa adabu zote hadi akamaliza. Kisha akamwambia kwamba yeye alifanya kazi miaka arobaini ya kuwatoa watu mahali wasipotaka kutoka, na hayuko tayari uzeeni mwake kuingizwa kitu mahali kisipotaka kuingia.

Walicheka wote, daktari naye akacheka. Lakini usiku ule Bwana Afya alizisikia hatua za dada yake zikielekea msalani. Zilikuwa nyepesi kama za mtoto, na alikaa kitandani akizihesabu hadi ziliporudi.

Haikuwa kwamba hawakujaribu. Mpwa wake, binti wa dada huyo, alikuwa mwalimu wa hesabu, na aliamini kwa dhati kwamba lolote lenye vipimo haliwezi kumshinda. Alipima unga kwa mizani na maji kwa kikombe chenye mistari, akatumia rula kupata urefu wa donge kabla na baada ya kuumuka. Mkate wake ulipowekwa mezani ulitoa sauti. Bwana Afya aliunusa, akakunja uso, akasema unanuka chaki. Mama mtu aliupokea kwa mikono miwili, akaugeuza huku na huku kwa heshima.

"Mwanangu, huu tusiutupe," alisema. "Mlango wa nyuma ukipigwa na upepo haukai wazi."

Hivyo ilifika Jumatano, siku moja kabla ya daktari kurudi, na mezani palikuwa na kifutio cha ubao.

Mtaani nako hasira zilikuwa zimepanda. Juu ya mlango wa mwokaji palibandikwa kipande cha boksi kilichoandikwa kwa mkaa, UNGA UMEKWISHA, TUVUMILIANE, na kila aliyepita alikisoma upya kana kwamba pengine maneno yamebadilika. Kinyozi alidai kwamba mwokaji ameficha unga ili apandishe bei. Fundi viatu alisema si hivyo, mtu yule anaoa mke wa pili na ameona haya kutangaza. Kila mmoja alikuwa na lake, na wote walikuwa wakila mkate wa dukani huku wakiutukana, jambo ambalo kwa Bwana Afya lilikuwa karaha juu ya karaha.

Yeye hakuwa amelisogelea duka la mwokaji kwa miaka kumi na miwili, na kila mtu alijua kwa nini. Mwaka ule, katika ukaguzi, alikuta mende mmoja ndani ya chekecheo la unga. Mwokaji alimwapia kwamba mende huyo ni mpita njia, kaingia dakika ile ile pamoja na mkaguzi. Bwana Afya hakutaka kujua safari za mende. Alibandika karatasi nyekundu mlangoni, na duka likafungwa siku tatu. Mwokaji alisugua, akapaka chokaa, akafungua, na tangu siku hiyo alikula kiapo kwamba mkono ule uliobandika karatasi hautapokea mkate kutoka katika mkono wake. Hakuuvunja. Bwana Afya aliupata mkate kwa mkono wa dada yake, miaka yote kumi na miwili, na kila alipopita barabara ile alipita ng'ambo ya pili, akijifanya anatazama madirisha.

Jumatano hiyo, alipotoka msikitini baada ya adhuhuri, alisimama ng'ambo yake ya kawaida, akavuta pumzi, kisha akavuka.

Aliuendea mlango, akainama kwenye ufa uliopo kati ya mbao mbili, akaweka pua. Akaganda hapo. Wapita njia wawili walipunguza mwendo. Mzee mwenye kanzu safi, ameinama, pua imeingia mlangoni mwa watu. Lakini yeye hakuwaona. Alikuwa akisoma. Kulikuwa na unga, tena si kidogo, magunia matatu kwa uchache, na moja lao limefunguliwa juzi. Kulikuwa na hamira, nayo ilikuwa hai. Kulikuwa na majivu ya kuni za asubuhi ile ile. Na nyuma ya yote hayo palikuwa na harufu nzito, chungu, ya mkate uliogeuka mkaa.

Alijinyoosha. Katika kazi yake alikwisha kukutana na uchafu wa kila namna, na aliusamehe mwingi, kwa kuwa uchafu haujifichi. Uongo ndio uliomtia kichefuchefu. Mtu ana unga, na anaoka, kisha anawaandikia waja wa Mungu kwamba unga umekwisha, na dada yake anasubiri mpira wa puani. Alizunguka nyuma ya nyumba, akagonga mlango wa kiwanda kwa ngumi.

Mwokaji alifungua mwenyewe. Alikuwa mtu mpana, mikono yake myeupe kwa unga hadi viwikoni, na macho yalikuwa ya mtu asiyelala. Alimtazama mgeni wake kuanzia kofia hadi viatu, kisha akamtazama tena mikononi.

"Umekuja na karatasi nyekundu?"

"Nimestaafu," alisema Bwana Afya. "Nimekuja na swali. Unga umekwisha?"

"Kusoma hujui? Nimeandika."

"Umeandika uongo. Una magunia matatu, na moja umelifungua juzi."

Bwana Afya alitarajia matusi, na alikuwa amejiandaa nayo. Lakini usoni mwa mwokaji hapakuja hasira. Alimkazia macho mzee yule kwa namna ambayo masikini humkazia tajiri, kwa husuda tupu isiyojificha.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimeusikia kwa pua, hapo mlangoni, toka barabarani."

Mwokaji alirudi nyuma hatua mbili, akajitupa juu ya gunia.

"Mimi hapa nimeukalia," alisema, "na sisikii kitu."

Ndipo ikatoka hadithi yote, kwa vipande vipande, mwokaji akizungumza na sakafu. Mwezi uliopita alipata mafua, mafua ya kawaida tu, ya siku nne. Yalipopona, pua ikabaki imekufa. Vitunguu, sabuni, majani ya chai, hata choo cha jirani ambacho zamani kilimkosesha amani, vyote vilikuwa sawa na maji. Na yeye hakuwahi kuoka kwa saa. Marehemu baba yake alimfundisha kwamba tanuri la kuni halina saa, kwa sababu kuni za leo si za jana, na kwamba mlango wake haufunguliwi kuchungulia, kwa sababu ukichungulia umeuua mkate. Mkate wenyewe hujitangaza kwa harufu tatu: ya kuamka, ya kukaa na ya kutoka. Alizijua tangu akiwa na miaka tisa, na katika miaka arobaini hakuunguza trei moja.

Pua ilipokufa alijaribu saa. Siku ya kwanza mikate ilitoka mibichi, siku ya pili ikatoka mkaa. Akadhani Mola atamfungulia, akaendelea kuuza ile iliyoonekana salama machoni, hadi siku alipomtupia paka wa uani kipande cha mkate wa siku ile. Paka alikinusa, akakitazama, kisha akakifukia kwa mchanga kama anavyofukia uchafu wake mwenyewe. Mwokaji akarudi ndani mbio, akaonja, akagundua kwamba samli aliyopakia mabati ya kuokea ilikuwa imechacha kabisa, na mtaa mzima umekwisha kuila, na hakuna aliyemwambia kwa kumstahi. Akaacha kupaka samli, akabahatisha siku chache zaidi, mikate ikitoka mizuri leo na mibaya kesho, kisha akafunga mlango kabisa.

Bwana Afya aliyafikiri hayo. Siku ya samli ile yeye alikuwa hospitalini na dada yake, anakula vya kantini. Angekuwapo, angeuambia mtaa mzima.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza.

"Niseme nini? Mwokaji asiyenusa ni kama muadhini bubu. Nani atakayekuja kumsikiliza?"

"Na mkeo? Hana pua?"

"Anayo, na ananipenda mno. Nikimwambia anuse, husema inanukia vizuri. Unga mbichi unanukia vizuri, mkate unanukia vizuri, ukiwa mkaa bado unanukia vizuri."

Bwana Afya alitazama huku na huku. Kwenye kona palikuwa na kilima cha mikate iliyoharibika, myeusi kwa myeupe, na juu ya karai la unga palitandikwa kitambaa ambacho aliona ni afadhali asikitazame mara ya pili. Utando wa buibui ulining'inia juu ya dirisha. Ulimi ulimwasha kusema, akauzuia. Badala yake alimweleza habari za dada yake, kwa ufupi, bila kupamba: homa, maziwa, siku tisa, daktari kesho asubuhi, mpira.

Mwokaji aliinua kichwa. Wanawe wote wanne walipokewa na mkunga huyo, na wa tatu alitanguliza miguu, akatoka mzima kwa sababu ya mikono yake. Alisikia kwamba mkunga ameugua, hakusikia kwamba hali chakula.

"Wewe sikuokei," alisema hatimaye.

"Sijakuomba uniokee mimi."

"Basi vua hiyo kanzu. Itaingia masizi."

Unga ulikuwapo umekwisha kukandwa na kuumuka, kwa kuwa mwokaji alijaribu kila siku bila kuchoka. Mikono yake haikusahau kitu. Ulitosha matoleo mawili tu, trei mbili za mikate sita sita. Unga mwingine ukikandwa ungehitaji kulala hadi kesho mchana, na kesho mchana daktari angekuwa amekwisha kuja na kwenda zake. Walipima hayo wote wawili bila kuyasema.

Bwana Afya alianza kazi kwa njia aliyoijua. Alinusa samli, akaamuru imwagwe. Alinusa kuni moja baada ya nyingine, akalitoa gogo moja lililowahi kulalia oili ya gari na kulitupa uani kama aliyeshika nyoka. Alinusa chumvi, ingawa aliambiwa chumvi hainuki. Tanuri liliposhika moto sawasawa, mwokaji aliisukuma trei ya kwanza ndani kwa ubao wake wenye mpini mrefu, akafunga mlango wa chuma, akamwekea mzee kigoda mbele ya kitundu cha kupumulia.

"Utaniambia unachosikia, jinsi unavyokisikia. Usipambe."

Kupamba hakukuwa hatari yake. Zilipita dakika kadhaa, kisha uso wa Bwana Afya ukajikunja.

"Tambara la jikoni," alisema. "Limelowa, limesahauliwa usiku kucha kwenye ndoo."

Mwokaji alifumba macho. Ilimchukua muda kulitafsiri, halafu akatikisa kichwa polepole kwa kukubali. "Naam. Ni unga unapata joto. Hiyo ndiyo ya kuamka. Endelea."

Zikapita nyingine. "Sasa ni matunda. Yameiva yakapitiliza, yamelala wiki nzima ndani ya mkoba wa mwanafunzi. Astaghfirullahi, kuna na soksi."

"Ya kukaa," alisema mwokaji, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na uhai. "Hamira hiyo inakufa. Tumefika katikati. Endelea, mzee wangu, endelea."

Bwana Afya aliendelea kunusa. Tambara likaondoka. Matunda yakaondoka, na soksi pia. Alisogeza kigoda, akainamia kitundu, akavuta pumzi ndefu akitafuta. Mwokaji alimwuliza anasikia nini, akajibiwa asubiri. Akamwuliza tena, akajibiwa asimharakishe. Jasho lilimtiririka mzee, pua ikatanuka kama ya farasi, naye akaitafuta kasoro katika pembe zote za harufu ile bila kuiona. Kisha ghafla ikaja, na akaipokea kama mtu aliyempata ndugu aliyepotea.

"Hiyo hapo. Inaungua."

Mwokaji aliufungua mlango, moshi ukawapiga wote wawili. Mikate sita ilikuwa imekaa mle ndani, myeusi, kama mawe ya kaburini.

Mwokaji aliutoa mmoja, akaugonga kwa kidole. Kisha, kwa sauti ya upole iliyotisha kuliko kelele, alimwuliza mzee alisikia nini kabla ya kuungua.

"Hakuna."

"Hakuna nini? Baina ya matunda na moshi imepita nusu ya robo saa."

"Hakuna ubaya," alisema Bwana Afya. "Sikusikia ubaya wowote, basi ningesema nini?"

"Ewe mja wa Mungu, hiyo ndiyo ya kutoka."

Waligombana hapo kwa muda, mmoja ameshika ubao na mwingine ameshika kigoda. Mwokaji alitaka kujua ni mtu wa aina gani anayenusa mkate ulioiva akanyamaza. Bwana Afya alijitetea kwamba fomu ya ukaguzi, aliyoijaza kwa miaka thelathini na mmoja, ilikuwa na nafasi ya kasoro na hakuna nafasi nyingine. Pasipo na kasoro huandiki. Unapiga mstari, unakwenda nyumba ya pili. Hakuna aliyewahi kumwita mahali ili aseme panapendeza. Alikuwa akiyasema hayo kwa hasira, lakini alipofika mwisho hasira ikamwishia. Aliyasikia maneno yake mwenyewe yakizunguka katika chumba kile chenye moshi, na yalimkirihi kuliko samli iliyochacha. Alilitazama karai. Ulibaki unga wa trei moja.

"Pakia," alisema, akarudi kwenye kigoda.

Safari hii mwokaji hakukaa. Alisimama nyuma ya bega la mzee, ubao mkononi. Nje jua lilikuwa limelegea, na kupitia dirishani walisikia watoto wakirudi kucheza. Tambara lilikuja, likatajwa. Matunda yalikuja, yakatajwa kwa maneno makali zaidi ya mwanzo. Kisha kitundu kikanyamaza.

Bwana Afya alivuta pumzi. Pua, kwa mazoea yake, ilianza tena kupekua, kufunua, kuchungulia nyuma ya makabati. Aliizuia. Alilazimika kuizuia kama mtu anavyoishika punda kwa hatamu. Akavuta pumzi nyingine, bila kutafuta kitu, akaiacha iingie ilivyo. Ilikuwa na joto. Ilikuwa na wekundu fulani, kama harufu inaweza kuwa na rangi. Alijua kwamba yampasa aitaje, na kwamba yule nyuma yake amesimama gizani akimngoja, na kwamba dada yake amelala kitandani mifupa mitupu. Akafungua kinywa kusema kwamba ni nzuri, na neno halikuja. Halikuwa na njia ya kupitia. Alihisi jinsi dakika inavyompita.

"Sina la kulalamika," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Toa, kabla sijalipata."

Ubao uliingia, ukatoka. Mikate sita ilisimama mezani, ganda lake la rangi ya udongo uliochomwa vizuri, ikitoa ile milio midogo midogo ya mkate unaokutana na hewa baridi. Mwokaji hakuigusa. Alimtazama mzee, na mzee akaitika kwa kichwa. Basi mwokaji akageukia ukuta, akajishughulisha kwa muda mrefu na jambo ambalo halikuwapo.

Alipogeuka alikuwa amekwisha kuufunga mkate mmoja kwa karatasi. Aliunyoosha mkono wake, mkono ule wa kiapo, akamkabidhi Bwana Afya mwenyewe. Alimwambia kwamba kuni huwashwa saa kumi na moja alfajiri, baada tu ya sala, na kwamba akichelewa mtaa mzima utakula mkaa, nao utajua wa kumlaumu. Bwana Afya alijibu kwamba atakuja, ila kile kitambaa cha kufunikia unga kisimkute hapo. Hicho asingeweza kukinyamazia, kwani kila kitu kina mpaka.

Alikwenda nyumbani kwa mwendo ambao umri wake haukuuruhusu, mkate kifuani. Kinyozi alitoka mlangoni na wembe mkononi, akamfuata kwa macho. Fundi viatu akasimama. Yeye hakupunguza mwendo.

Dada yake alikuwa ameketi kitandani, mito miwili mgongoni, na binti yake alikuwa akimbembeleza kwa uji bila mafanikio. Bwana Afya aliomba maziwa yapashwe moto. Akaufungua mkate juu ya kimeza, akaukata, na mvuke ukapanda baina yao. Mkunga alikuwa amefumba macho, akayafumbua. Alichukua kipande kwa mkono wake mwenyewe, akakichovya, akala. Akakichovya tena. Mpwa alisimama na bakuli la uji, akisahau hata kuliweka chini.

Kipande cha kwanza kikaisha, na cha pili kikafika nusu, ndipo mgonjwa alipopata nafasi ya kumtazama mdogo wake: masizi shavuni, unga kwenye nyusi, fulana imelowa jasho.

"Mdogo wangu, mbona unanuka moshi namna hiyo? Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakagua kiwanda cha mkate."

"Ukakuta nini?"

Bwana Afya alifikiri. Utando wa buibui ulimjia ulimini, na kitambaa nacho kikamjia, vyote viwili vikisukumana kutoka.

"Mkate," alisema.

Mkunga aliacha kutafuna. Alimtazama binti yake, binti akamtazama yeye. Kisha akasukuma sahani upande wa mdogo wake, kwa mkono mkavu ambao pete zilikuwa zikiuchezea.

"Kata kingine," alisema, "na safari hii usinikatie kama unayekata plasta."

Akakata, kinene.